Siwazuri Ni Akina Nani

Kisumu, 9 Machi 1947

Kwa shangazi yangu Mwanatatu binti Boga, Mtongwe.

Shikamoo shangazi, na shikamoo nyingine kwa ile niliyoisahau katika barua ya mwezi wa kwanza, ambayo najua umekaa nayo moyoni mpaka leo. Sisi huku ni wazima. Mwidani anakusalimu. Bado yuko kwenye karakana ya reli, bado anarudi na mafuta mpaka ndani ya masikio, na bado anasema mwaka huu watampandisha cheo, kama alivyosema mwaka jana. Mvua imeanza. Samaki wa huku ni wa ziwani, hata umtie chumvi namna gani anabaki kama amesahaulika chunguni.

Sasa nikwambie jambo la kuchekesha. Shangazi, jina langu limekuwa fasheni. Mke wa jirani yetu, watu wa Maragoli, alizaa mtoto wa kike mwezi wa kwanza akamwita Siwazuri. Mwezi wa pili mwingine, mke wa mpiga kengele wa stesheni, naye akamwita wake Siwazuri. Juzi wa tatu. Nilipowauliza kwa nini, wakasema jina ni tamu mdomoni, na mimi mwenyewe ni mtu mpole. Mimi ambaye Mtongwe yote na Likoni yote sijapata kukutana na mwenye jina kama langu hata mmoja, huku nikipita njiani naitwa nageuka, kumbe anaitwa mtoto aliyejikojolea.

Katika shughuli ya huyo wa tatu alikuwako Bi Mwanatabu, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzaliwa wa Mvita. Aliposikia jina alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Masikini watu wa bara! Jina hili hapewi mtoto kwa kupendwa. Hili hutupwa. Huwa kuna mtu amekaa pale pale chumbani, analisikia, na anajua kuwa ni lake." Kisha akanigeukia mbele ya wanawake wote akaniuliza, "Na wewe mwanangu, lilitolewa na nani, na aliyekuwa amekaa pale ni nani?"

 Mtu mzima wa miaka ishirini na mbili sijui jina langu limetoka wapi. Utotoni nilipokuuliza ulinituma kuchota maji. Safari hii maji yako mbali, shangazi. Niambie.

Mwanao,
Siwazuri binti Babu


Mtongwe, 2 Aprili 1947

Kwa mwanangu Siwazuri.

Marahaba, na hiyo ya kusahau pia nimeipokea. Mimi mzima, ila goti. Kaburi la baba yako nimelifyekea majani. Paa la jikoni limeezekwa upya na fundi ambaye hajui kuezeka, kwa hiyo mvua ikinyesha napikia ukumbini. Jirani yetu, yule aliyekuwa akivuta kamba za meli kwa wanamaji wakati wa vita, amepata mtoto wa kike na amemwita Nevi. Wallahi, Nevi. Nilikwenda kumpa pole mama yake, akadhani nimekwenda kumpa hongera.

Kwa hiyo usinieleze habari za watu wa Kisumu. Kama hapa Mtongwe mtu mwenye akili zake anamwita binti yake jina la manowari, hao wako wa reli wana kosa gani? Wamesikia jina wamelipenda, wamelichukua bila kuuliza linauma wapi. Waache nalo.

Na huyo Bi Mwanatabu mwambie nimesema watu wa Mvita wameanza lini kuwa walimu wetu. Kila kitu wao ndio wanaojua, hata majina ya watoto waliozaliwa ng'ambo ya maji wakiwa hawajaalikwa.

Lakini kwa kuwa umeuliza kama mtu mzima nitakujibu. Kwetu shangazi ndiye anayetoa jina la mtoto wa kwanza wa kike wa kaka yake. Jina nimelitoa mimi. Na nilimtupia nani? Niliwatupia watu wa Mtopanga, kwao marehemu mama yako. Siku ya harusi walitukalisha juani kuanzia asubuhi, wali wakauleta mbichi, na mjomba wako Kahindi, ambaye amesoma misheni, akasimama akatoa hotuba kana kwamba tumekwenda kuomba kazi. Baada ya hapo hawakuonekana tena. Hawakuja mama yako akiwa na mimba. Hawakuja siku yako ya saba kukuona. Hawakuja hata kumzika binti yao. Siku hiyo ya saba nilisema watu wa namna hii si wazuri, na mtoto huyu atawakumbusha mpaka kiyama. Ndiyo habari yote.

Nilikulea mimi, nilikufundisha herufi hizi unazozisoma mimi, hakuna aliyeniletea hata kipande cha muhogo. Msalimu fundi wako, mwambie asafishe masikio.

Shangazi yako,
Mwanatatu


Kisumu, 11 Mei 1947

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imechukua wiki tatu kufika. Mwidani hajapandishwa cheo, kama ulivyotazamia. Pole na goti, na pole na fundi.

Nilikuwa sijakwambia, na sikutaka kukwambia mpaka nihakikishe, kwa kuwa mwaka jana nilitangaza mapema na ikawa vile ilivyokuwa. Nina mimba ya miezi minne. Safari hii nasikia uzima. Lakini usiku na mchana nina hofu, na hofu yenyewe unaijua, kwa kuwa mama yangu alinizaa mimi akafa. Mwidani anasema twende kwa desturi, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mzazi, na mimba ikifika miezi saba nipande gari nishuke pwani. Nikamuuliza, nishukie wapi? Mama yangu kwao ni Mtopanga. Akaenda kunawa mafuta, kwa kuwa anajua nilivyolelewa.

Nimewachukia watu wale tangu nijue kutamka. Nikisikia mtu anatoka Kisauni, upande wa Mtopanga, nilikuwa naziba pua, na wewe ulikuwa unacheka. Nakwambia kweli, nilipenda kukuchekesha.

Lakini kuna neno halinikai sawa. Nilimsomea Bi Mwanatabu jibu lako, lile la wali mbichi, si lile la watu wa Mvita. Akasema, "Jina la kutupwa hutupiwa aliyepo. Ukimtukana mtu aliye ng'ambo umemtukana nani?" Wewe mwenyewe umeandika kuwa watu wa Mtopanga hawakuja siku ya saba. Basi pale chumbani walikuwa kina nani? Sikuulizi kwa ubishi. Nataka kujua nitakapolala nikipiga kelele, atakayenishika mkono ni mtu wa namna gani.

Mwanao,
Siwazuri


Mtongwe, 30 Mei 1947

Siwazuri,

Marahaba. Mimba nimeifurahia, Mungu aikuze. Kula ndizi mbichi za kuchemsha, na usibebe ndoo. Tumezika mtu wiki iliyopita, humjui.

Haya. Kumbe siku hizi barua zangu zinasomwa barazani kwa mke wa mwalimu, watu wakae mviringo wazipime kama nyama. Mimi niliyekaa na wewe ukiugua surua siku kumi na moja bila kulala, leo nahojiwa na mwanamke ambaye siijui hata sura yake! Kama ana kipawa hicho cha kufumbua mambo, aende mahakamani akawe wakili, avae na lile joho.

Utazaa hapa. Chumba cha mashariki nimekipaka chokaa, kitanda nimekifumia kamba mpya, mkunga nimemwambia. Desturi inasema kwa mama, na mama yako wewe ni nani? Aliyekubeba mgongoni ni nani? Unataka kwenda kuzalia Mtopanga, kwa watu wanaolala na kuku wao, ambao kwa miaka ishirini na mbili hawajakuuliza kama unakula? Watakupokea vizuri sana, sina shaka. Watakukalisha juani.

Habari za nani alikuwa chumbani ni habari za zamani na zimekwisha. Usiniandikie tena kuhusu jina. Niandikie siku ya gari tu, nije kukupokea.

Mwanatatu


Kisumu, 6 Julai 1947

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mtoto anacheza tumboni, hasa nikila papai.

Nimefanya jambo ambalo litakukasirisha. Nimewaandikia Mtopanga. Nilimwandikia mjomba Kahindi, kwa ile anwani ya misheni, nikamuuliza maswali mawili: kwa nini hamkuja, na jina langu mnalijua vipi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na nilikuwa nimejitayarisha kuyajibu.

Jibu lake hili hapa, nalinakili kama lilivyo, kwa kuwa anasema anaandika maneno ya nyanya yangu, Kache, naye amekaa karibu yake akimtazama asiongeze kitu:

"Mwambie mjukuu wangu, nilikuja. Mimba ya mamaye ilipofika miezi saba nilikuja Mtongwe kumchukua mwanangu akazalie kwetu, nikaambiwa mlangoni ameenda Vanga. Nikarudi tena na Kahindi, na unga na kuku wanne. Nikaambiwa ana wageni, kuku wakachukuliwa. Alipozaa sikuambiwa. Alipokufa niliambiwa amekwisha kuzikwa. Na kila mwaka siku ya Idi nilikuja na kikapu cha mihogo, kwa kuwa bila kikapu nisingefunguliwa mlango. Mwambie mimi ndiye yule muuza mihogo. Habari ya jina nilipewa na Dhahabu, mkunga wa hapo Mtongwe, kabla hajafa. Lakini hiyo sitaisema mimi. Aliyekuwa chumbani yuko hai, na aseme."

Shangazi, nilimkumbuka papo hapo. Mwanamke mrefu mwenye hando la buluu, lile vazi la marinda la Wagiriama. Kila Idi alikuwa ananishika shavu kwa mkono wenye vumbi la mihogo, nami nikikimbilia ndani kunawa. Wewe ukinipa sabuni. Ukisema, "Nawa vizuri, hujui hawa wameshika nini." Ilikuwa sabuni ya kipande, ya kijani, naikumbuka mpaka harufu. Uliniandikia kwa mkono wako kuwa hakuna aliyeleta hata kipande cha muhogo. Ule muhogo nilikuwa naula na chai.

Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na sikuulizi kwa mdomo wa Bi Mwanatabu wala wa mtu mwingine. Nani alisema Siwazuri, na alikuwa anamwambia nani?

Siwazuri


Kisumu, 10 Agosti 1947

Kwa Bi Mwanatatu binti Boga.

Shikamoo. Wiki tano hujajibu. Posta ya Kisumu imechoka kuniona. Idi ikipita napanda gari, nitashuka stesheni ya Changamwe Jumamosi tarehe sita ya mwezi wa tisa. Mjomba Kahindi ameniambia atakuwa pale, na wewe umesema utakuwa pale. Nitaondoka na mmoja wenu. Kama hutaki nikuchagulie, andika.

Siwazuri


Mtongwe, 23 Agosti 1947

Mwanangu Siwazuri,

Barua zako zote mbili zilifika. Usiilaumu posta. Ile ya kwanza niliiweka chini ya mkeka nikaikalia wiki tano.

Idi imekuwa njema. Hapakuja mtu na kikapu. Tangu uolewe haji, na safari hii nilifungua mlango mara tatu kutazama.

Basi jua. Baba yako, Mungu amrehemu, alimleta mama yako hapa akiwa na miaka kumi na saba. Alimwona akamtaka, mimi sikuulizwa. Alikuwa anaitwa Nyevu. Siku ya pili nilimwita nikamwambia jina hilo ni la mashambani, katika nyumba ya Boga utaitwa Mwanarehema. Akasema, "Abee, wifi." Hakuwahi kuniitikia vingine. Kila kitu abee. Nilimdharau kwa ile abee yake, nikadhani hana kitu ndani.

Mimi sikujaaliwa kuzaa, unajua, ila hatujawahi kulisema. Mume aliniacha kwa hilo. Nikarudi kwa kaka yangu, na mtoto wa kaka yangu ndiye angekuwa mtoto wa nyumba hii. Na sasa desturi iseme aende akazaliwe Mtopanga, ashikwe kwanza na mikono ya huko, aitwe kwanza kwa midomo ya huko, halafu nije niletewe mimi mwisho, nipewe nimtazame? Nikakataa. Nyanya yako alipokuja nilimwambia ameenda Vanga. Mama yako alikuwa nyuma ya ukuta akisuka ukili, sijui kama alisikia. Kuku tulikula.

Uchungu ulimchukua siku mbili. Kila akipata pumzi anauliza, "Mama amekuja?" Namwambia, "Nimetuma mtu, yuko njiani." Sikutuma mtu, Siwazuri. Baba yako alikuwa safarini na wanaume wote wa nyumba walikuwa wanangoja niseme neno, na sikulisema. Asubuhi ya pili akaacha kuuliza. Ukazaliwa adhuhuri. Siku ya tatu Dhahabu mkunga alimwambia ukweli, kwa kuwa Dhahabu hakuwa na breki mdomoni.

Siku ya saba nyumba ilijaa. Mwalimu nilimweka nje ya pazia la chumba, karibu kabisa, ili nikitoa jina ukumbi wote usikie sauti yangu. Nilikuwa na jina tayari: Mwanabibi, jina la mama yangu. Mwalimu akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikavuta pumzi. Na yule mtu ambaye hakuwa amesema neno kwa siku nne akasema kutoka kitandani, "Siwazuri." Mwalimu akadhani hakusikia, akauliza tena. Akarudia, wala hakupaza sauti. Alikuwa ananitazama mimi. Angeweza kusema kwa Kigiriama, nami ningejifanya sikuelewa. Alisema kwa Kiswahili hiki hiki changu, nilichokuwa namcheka nacho kila siku akikosea. Siku hiyo hakukosea.

Mwalimu akasoma dua, jina likaingia. Nje watu wakatazamana. Nikatoka mbio ukumbini nikacheka kwa nguvu, nikasema, "Jina nimelitoa mimi! Nimewatupia watu wa Mtopanga, hawakuona haja hata ya kuja kumtazama mtoto wao!" Watu wakaangua kicheko. Wakasema Mwanatatu hodari, Mwanatatu ana ulimi. Mama yako alilala ndani akikisikia kicheko hicho. Homa ilimchukua siku ya thelathini, hakufika arobaini.

Uliniuliza ni akina nani. Ni sisi. Ni mimi hasa, wengine walikaa tu. Hata mwanangu niliyemlea nimekuwa nikimwita kila siku, asubuhi na jioni, kwa tusi langu mwenyewe, na kila ukiitika "abee" nasikia sauti ya mama yako.

Sasa umepata ulichotaka, kamsomee mke wa mwalimu. Chumba kimepakwa chokaa na kitabaki hivyo. Changamwe sitakuja. Sitasimama stesheni nikachaguliwa kama kitambaa, na tena najua nisingechaguliwa.

Usibebe ndoo.

Shangazi yako,
Mwanatatu


Mtopanga, 14 Oktoba 1947

Shangazi,

Shikamoo. Nimezaa jana adhuhuri, mtoto wa kike. Tuko wazima wote wawili. Uchungu ulikuwa wa kutwa moja, na hawe, ndivyo wanavyomwita nyanya hapa, hakuniachia mkono hata kwenda kunywa maji. Mwidani yuko hapa, amepewa likizo. Cheo bado.

Mambo uliyoniambia kuhusu watu hawa nimeyaangalia moja moja. Kuku wana banda lao. Kivuli kipo, na nimekalishwa kwenye kivuli. Mjomba Kahindi kweli anatoa hotuba, hilo hukusema uongo, alitoa moja mtoto akiwa na dakika kumi.

Barua yako sikumsomea Bi Mwanatabu. Nilimsomea hawe, ndiye mwenye haki nayo. Nilipofika mahali mama alipouliza mara ya mwisho, aliniambia nisimame kidogo, akatoka akaenda kupura mahindi ambayo yalikuwa yamekwisha kupurwa. Kisha akarudi akasema endelea.

Mwidani hana dada, kwa hiyo kwa upande wake hakuna shangazi wa kutoa jina. Tulimwambia hawe atoe yeye. Akasema, "Hapana. Yule wa Mtongwe ndiye bingwa wa majina. Alimvua mwanangu jina akampa lingine. Akataka kumpa na mjukuu wangu. Mwiteni aje atoe hili, na mimi nikiwa nimekaa nasikia." Mimi namfahamu kidogo tu, shangazi, lakini sidhani kama ni mwaliko wa kukufurahisha.

Siku ya saba ni Jumapili. Kuja au kutokuja ni juu yako. Mimi sijui bado kama nataka kukuona. Nakwambia ukweli kwa kuwa katika nyumba yetu umeadimika.

Siwazuri


Mtongwe, 22 Oktoba 1947

Mwanangu Siwazuri,

Nilifika nyumbani salama. Watu wa hapa wananiuliza Mtopanga kukoje, nawaambia ni mbali.

Wewe ulikuwa ndani na mtoto, hukuona yaliyopita uani, na najua kila mtu atakusimulia kwa namna yake, hasa huyo mjomba wako. Kwa hiyo nakuandikia mimi niliyekuwako. Nilifika saa mbili asubuhi nimevaa buibui la Idi. Nikabisha hodi. Akatoka nyanya yako mwenyewe, akanitazama, akasema, "Ana wageni. Ngoja." Akaingia. Nikasimama pale mlangoni mpaka jua likawa utosini. Watu wanapita na sahani, wananipisha kana kwamba mimi ni mti. Goti likaniuma, sikukaa. Sikuambiwa kaa, na nilijua ananipimia kipimo kile kile nilichompimia yeye.

Adhuhuri akaniita mbele ya watu wote. Akasema, "Sema." Nikasema yote, Siwazuri, kama nilivyokuandikia, na kuku nikawataja. Hakuna aliyecheka. Kisha akasema, "Sasa toa jina." Njia nzima, kwenye feri na kwenye daraja la Nyali, nilikuwa nikijisifu moyoni kwa jina nililolichagua. Nilidhani atalia tukumbatiane. Nikasema, "Aitwe Nyevu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyekuja kumuuzia sufuria yake mwenyewe. Akasema, "Hilo huwezi kulitoa. Hilo ni letu, tulikuwa nalo kabla yako. Toa lako." Nikatafuta langu. Nimekaa miaka yote hii nikiyacheka majina ya watu, ya kina Nevi na ya wa bara na ya mashambani, na pale nilipoambiwa nitoe langu sikuwa nalo hata moja.  Akamgeukia mwalimu aliyeletwa na Mwidani, akasema, "Mtoto anaitwa Nyevu. Nimesema mimi, Kache." Mwalimu akaandika.

Halafu akaniambia, "Umesikia. Sasa waweza kwenda." Maji sikupewa. Mtoto sikuonyeshwa, wala sikuomba.

Sikuandikii kushtaki. Ninachotaka kujua ni kimoja. Niliposhika njia nilisikia sauti yako dirishani ikisema, "Shangazi," mara moja tu, na nilipogeuka pazia lilikuwa limeshuka. Sijui kama uliniita au ulikuwa ukiwaambia watu kuwa nimeondoka. Nimelipindua neno hilo siku tatu sasa na kazi za nyumbani zimelala.

Niandikie, mwanangu, hata kama ni kunitukana.

Mwanatatu